Bizari Katika Nyumba Yenye Mbwa

Flemingdon Park, Toronto
14 Septemba 2024

Mama Almina mpendwa,

Salamu kutoka ghorofa ya saba. Habari za Calgary? Nyonga inaendeleaje, na usingizi unaupata? Mwanao Sikander alimwandikia mume wangu Mugambi kwamba ulifika salama ila ndege ilikuchosha. Pole sana. Sisi huku hatujambo. Valerie amerudi shuleni, baridi bado haijaanza kutuuma, na lifti ya kulia imeharibika tena. Mlango wako hapo jirani wameshaupaka rangi mpya. Kila nikipita hapo nageuza uso.

Ulisema masikio yako hayataki tena simu, basi nitakuandikia, na nitakuandikia ukweli.

Mama, mambo ya paka wako Bizari hayakuanza vizuri, na kosa ni langu. Siku uliyoondoka nilimleta kwetu nikafungua kikapu chake katikati ya sebule, Kamanda akiwa pale pale. Nilidhani watanusana kidogo halafu kila mtu ashike njia yake. Kamanda unamjua, mbwa mkubwa mwenye moyo wa kifaranga. Alikuja akitikisa mkia. Bizari alivimba akawa paka wawili, akamrarua pua, akapanda pazia na kulishusha pamoja na chuma chake. Tangu siku hiyo anaishi juu ya kabati la jikoni. Juzi Kamanda alipita chini yake kwenda kunywa maji, naye akamrukia mgongoni. Kucha zilipita karibu kabisa na jicho. Ilibidi tumpeleke kliniki ya wanyama akashonwa.

Mugambi hakunigombeza, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Alikaa sakafuni, kichwa cha mbwa kikiwa pajani mwake, akasema, "Jemimah, nilikubali kwa heshima ya Mama Almina. Lakini huyu hakuja kwangu ili aumizwe." Unakumbuka alimchukua Kamanda kwenye makao ya wanyama mwaka ule baba yake alipofariki na yeye akashindwa kwenda Meru kuzika. Wakati ule mimi sikuweza kumtoa nje ya nyumba, mchungaji hakuweza. Mbwa huyu ndiye aliyeweza, kwa sababu mbwa lazima atembezwe.

Amesema tujaribu mpaka mwaka mpya. Tukishindwa, Bizari aende makao ya wanyama atafutiwe watu wengine.

Mama, niliposhika kikapu chake mlangoni kwako nilikuahidi atakaa kwetu mpaka wewe useme vingine. Ahadi hiyo sijaivunja. Niandikie kila unachojua kuhusu paka wako.

Mwanao,
Jemimah


Calgary
29 Septemba 2024

Jemimah mwanangu,

Salaam nyingi kwako, kwa Mugambi, na kwa mjukuu wangu Valerie. Mimi nipo. Nyonga nayo ipo, hainiachi nisahau. Sikander na mkewe Shahnaz wananibeba kama yai, na kubebwa kwenyewe kumeanza kunichosha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika. Hivi wewe, ungetolewa kwako ukiwa ndani ya kikapu, ukafunguliwa mbele ya simba, ukaambiwa "karibu, huyu ndugu yako", ungefanya nini? Mimi ningepanda pazia.

Kuhusu mbwa sina la kukufundisha. Nilipokuwa mdogo Tanga mbwa wa jirani aliniuma hapa kwenye shavu la mguu, na mpaka leo nikimwona mbwa navuka barabara. Hukuona? Kamanda akiwa kwenye lifti, mimi nilikuwa najifanya nimesahau kitu nyumbani. Lakini kuhusu Bizari naweza kusema.

Marehemu mume wangu Madatali alimkuta kwenye maegesho ya chini, katikati ya baridi, ncha ya sikio imeganda. Alipomleta ndani, paka aliingia uvunguni mwa kitanda akakaa huko siku nyingi sana. Mimi nilitaka kumvuta kwa ufagio. Madatali akakataa. Alikuwa anakaa sakafuni na gazeti lake, anasoma kwa sauti, kipande cha samaki pembeni. Hamtazami. Hamwiti. Kila siku samaki anasogezwa kidogo. Siku moja nikitoka jikoni nikamkuta paka amelala juu ya gazeti na mzee hana cha kusoma.

Basi ujue haya. Hapendi kushikwa kabla hajaomba. Anapenda kukaa juu, aone mlango. Ukimpigia kelele hatajifunza kitu ila kukuogopa wewe. Na usimpige, hata kwa gazeti, hata kwa mchezo.

Huku siwezi kumleta, Shahnaz ana pumu na paka akipita tu barabarani kifua kinambana. Kwa hiyo Bizari hana mtu ila wewe. Rudi mwanzo, mwanangu. Na asipoweza kabisa kukaa kwenu, usimpeleke popote kabla hujaniambia.

Mama yako,
Almina


Flemingdon Park, Toronto
20 Oktoba 2024

Mama Almina mpendwa,

Asante kwa barua, na asante kwa kunikaripia, nilistahili. Unaendeleaje? Shahnaz ameacha kukohoa? Huku majani yote ya bonde la mto Don yamegeuka rangi, na Valerie ananiambia kila asubuhi kwamba haoni haja ya koti.

Tumerudi mwanzo. Pale kliniki kuna dada anaitwa Libérata, mtu wa Bukavu, ndiye aliyesaidia kumshona Kamanda. Nilimsomea maneno yako kuhusu mzee Madatali na gazeti. Akacheka akasema, "Huyo mzee alikuwa mwalimu. Sasa fanyeni hivyo hivyo, kama vile paka na mbwa hawajawahi kuonana."

Bizari tumempa chumba cha Valerie. Valerie mwenyewe amehamia kwenye kochi, na alikubali kwa sharti moja, alilolisema kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba yeye ndiye atakayemlisha. Mlango unafungwa. Kila siku tunachukua taulo aliyolalia paka tunampa mbwa ainuse, na ya mbwa tunampelekea paka. Siku za kwanza Bizari aliitemea taulo kama nyoka. Wiki hii ameilalia.

Chakula wanakula wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango. Tulianza bakuli zikiwa mbali. Wakila kwa utulivu, kesho yake tunazisogeza kidogo. Paka akiguna, tunarudisha nyuma bila kusema neno. Mugambi naye anamfundisha Kamanda kukaa chini na kumtazama yeye, si mlango. Mbwa akikaa kimya, anapata kipande cha kuku. Hatumwadhibu yeyote. Anayefanya vizuri analipwa, basi.

Ni kazi, Mama. Natoka zamu ya wazee wangu kule Don Mills mgongo unauma, halafu naanza zamu ya pili kwenye korido yangu, nikiwa na bakuli la samaki. Lakini siachi.

Sasa lako. Sikander amesema hutaki kufanya mazoezi, na kwamba yule mtu wa mazoezi akija unajifanya umelala. Mimi kazi yangu ni kuwainua watu waliovunjika nyonga, najua kinachotokea kwa anayebaki kitandani. Kwa hiyo tukubaliane. Mimi namshusha paka wako kabatini, wewe unashuka kitandani. Kila barua kila mtu aseme amefika wapi.

Mwanao,
Jemimah


Calgary
8 Novemba 2024

Jemimah,

Salaam. Sote wazima. Theluji imeshaanguka, imefika magotini.

Yaani umeniweka darasa moja na paka! Nilimwambia Sikander, akacheka mpaka akatoka chumbani, kisha akarudi na ile fremu ya kutembelea, akaiweka mbele yangu bila kusema neno. Nani kamfundisha huyo? Wewe.

Haya. Jumanne nilikwenda mpaka dirisha la jikoni. Mtu wa mazoezi alipiga makofi kama kwa mtoto, nikamkata jicho. Jumatano sikwenda popote. Alhamisi nilikwenda tena.

Nimefurahi kwa ile taulo. Endelea.

Mama yako,
Almina


Flemingdon Park, Toronto
1 Desemba 2024

Mama Almina mpendwa,

Hujambo Mama? Natumaini fremu bado inatembea. Nilipanga barua hii iwe ya furaha, lakini tuliahidiana ukweli.

Tulikuwa tumefika mbali. Mlango tuliufungua, tukaweka kigeti cha watoto katikati ili waonane bila kugusana. Wakawa wanakula wanatazamana. Bizari akaacha kuguna. Siku moja alikaa karibu na kigeti akajilamba mguu huku Kamanda amelala upande wa pili, nikaita kila mtu aje kuona. Basi mimi nikavimba kichwa. Libérata alikuwa amesema tungoje, nami Jumamosi iliyopita nikaondoa kigeti.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Mchana Bizari akaenda kujisaidia kwenye sanduku lake la mchanga, ambalo nilikuwa nimelihamishia kwenye kona nyuma ya mlango wa bafu. Kamanda akamfuata kunusa, akasimama pale mlangoni. Hakuwa na nia mbaya. Lakini paka alipogeuka akaona njia imezibwa. Kilichofuata ni kelele, mchanga ukutani, na Kamanda akitoka mbio na damu sikioni.

Tangu hapo Bizari hakanyagi tena sandukuni. Jumatatu alikojolea mkoba wa kazi wa Mugambi, kompyuta ikiwa ndani.

Mugambi alipiga simu makao ya wanyama mbele yangu. Walimwambia nafasi ipo kuanzia Januari. Nikamwambia, "Ulisema mwaka mpya. Leo si mwaka mpya."

Akasema, "Jemimah, huyu paka hataki."

Nikamwambia, "Paka hajui tunachotaka. Sisi ndio hatujamwonyesha vizuri."

Alimfunga Kamanda kamba wakatoka mpaka jioni. Kisha akanisaidia kurudisha kigeti.

Sikufichi, Mama. Inawezekana nikashindwa. Lakini mwezi mzima ninao mkononi, na nitautumia wote. Wewe usiache kutembea kwa sababu ya habari hii. Niandikie upesi.

Mwanao,
Jemimah


Flemingdon Park, Toronto
12 Januari 2025

Mama Almina mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako haijafika na sikuona hata kadi. Najisemea ni posta. Je, uko mzima? Kifua, nyonga, hamu ya kula? Nimemuuliza Sikander, amejibu tu, "Yupo, ila amenyamaza."

Mimi sinyamazi. Bizari bado yuko kwetu. Nikueleze ilivyokuwa.

Libérata alikuja nyumbani siku yake ya mapumziko, akiwa na mtoto wake mgongoni. Alizunguka nyumba yote kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. Alipofika bafuni akasimama. "Hapa ndipo," akasema. "Kona hii ina njia moja tu. Mbwa akisimama hapo, paka yuko jela. Wewe ungeenda choo ambacho huwezi kutoka?" Tukaweka masanduku mawili, kila moja chumba chake, mahali pa wazi ambapo paka anaona pande zote na anaweza kutoka atakako. Siku ya pili akaanza kuyatumia. Hakuwa mkaidi, Mama. Alikuwa anaogopa.

Halafu ikaja siku ya mwisho wa mwaka. Mugambi alirudi kutoka kazini, nikaona simu iko mkononi. Sikubishana naye. Nilimpa bakuli la samaki nikamwambia, "Kabla hujapiga, keti hapa mara moja. Mimi nimekaa hapa tangu Oktoba, wewe hujakaa upande huu hata siku moja." Kweli, yeye siku zote alikuwa upande wa mbwa.

Akakaa sakafuni na tai yake. Nilimfundisha ulivyonifundisha, usimtazame, usimwite. Kamanda alikuwa upande wa pili wa kigeti, Valerie amemshika kamba. Mugambi akaweka samaki kwenye kiganja, akageuza uso ukutani. Tulikaa mpaka miguu yake ikafa ganzi. Bizari akaja. Alinusa kiatu, akanusa soksi, kisha akala kwenye kiganja chake huku akimtazama mbwa, na mbwa akakaa chini bila kuambiwa.

Mugambi aliinuka, akatazama ukuta wa sebule. Kisha akaniambia, "Niletee drili."

Alifunga rafu kwenye ukuta wote wa sebule, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Sasa Bizari ana barabara yake ya juu, na Kamanda ana ya chini. Simu hakupiga.

Niandikie, Mama. Hata mstari mmoja.

Mwanao,
Jemimah


Flemingdon Park, Toronto
23 Februari 2025

Mama Almina mpendwa,

Salamu, na maswali yote ya afya ambayo hujanijibu tangu Novemba. Sitayarudia. Nakuombea tu.

Kigeti tumekiondoa, safari hii kwa amri ya Libérata. Kwanza dakika chache kwa siku, Kamanda akiwa na kamba, tunaacha kabla yeyote hajachoka. Sasa ni jioni nzima. Bizari akishuka chini, mbwa analala ubavu bila kuambiwa ili aonekane mdogo. Leo paka alipita karibu naye kiasi cha mkia kumgusa pua. Akapiga chafya. Hakuna aliyekimbia.

Barua zangu zikifika na huwezi kuandika, mwambie Shahnaz aniandikie herufi moja. Sitaacha kukuandikia.

Mwanao,
Jemimah


Calgary
16 Machi 2025

Jemimah mwanangu,

Salaam, na radhi. Mimi mzima kuliko ulivyodhani. Nikusimulie, usinikatize.

Barua yako ya Desemba iliniingia vibaya. Niliposoma kwamba wale watu wana nafasi Januari, nikasema basi, imekwisha. Fremu nikairudisha ukutani. Ilipokuja barua ya Januari, sikuifungua. Niliipima mkononi, nzito, nikajua ni maelezo marefu ya mtu anayeomba msamaha. Nikaiweka chini ya mto. Ya Februari vile vile. Maadam sijazifungua, paka wangu yupo.

Wiki iliyopita Shahnaz anabadilisha mashuka akazikuta. Huyu mkwe wangu aliondoka Nairobi akiwa mdogo mno, Kiswahili chake ni cha kuagizia maandazi kwenye sherehe. Akakaa kitandani, akafungua ya kwanza, akaanza kunisomea sikioni kwa kupiga kelele, silabi moja moja. Nilimwambia acha, sitaki. Akasema, "Mummy, mimi naanza, mimi namaliza." Alipofika mahali akaniuliza, "Kwa nini paka? Nani anapaka? Anapaka rangi rafu?" Mwanangu, nilicheka mpaka Sikander akapanda ngazi mbio akidhani nimeanguka. Shahnaz alikuwa ameshajiwekea akilini kwamba mume wako ni fundi rangi.

Tulisoma zote mbili hadi mwisho. Tulipofika kwa Mugambi na tai yake sakafuni nililia, lakini si kama mwanzo.

Siku ile ile nikachukua fremu mwenyewe. Sasa nimeshaiacha, natumia fimbo. Jana nilikwenda na Shahnaz mpaka sanduku la posta mwisho wa mtaa, kwenye barafu, nikarudi. Wewe hukuacha, mimi niliacha. Nimekata shauri kukufikia.

Na kuna jambo kubwa. Nimemwambia Sikander nataka kurudi Toronto. Alipinga, Shahnaz akanitetea. Kuna jengo la wazee Don Mills, karibu na jamatkhana yetu ya kusalia, nafasi imepatikana mwezi wa Juni, na paka wanaruhusiwa. Jemimah, nakuja kumchukua Bizari wangu.

Mama yako,
Almina


Flemingdon Park, Toronto
20 Aprili 2025

Mama Almina mpendwa,

Leo ni Pasaka. Tumetoka kanisani sasa hivi, na tumekuombea kwa jina. Habari yako ilinifanya niruke jikoni. Mtu aliyekuwa akijifanya amelala, leo anatembea kwenye barafu!

Umeona nimechelewa kujibu. Niliandika barua mbili nikazichana. Hii siichani.

Nilipowasomea wengine kwamba unamchukua Bizari, Mugambi aliniomba nirudie kusoma. Valerie aliingia chumbani kwake, kile alichompa paka miezi yote ile, akajifungia. Alipotoka alisimama mbele yangu akaniambia kwa Kiswahili, Mama, kwa Kiswahili, yule ambaye nikimwita kula ananijibu kwa Kiingereza, "Mwambie Bibi hapana. Paka anakaa hapa." Maneno yalikuwa mazito mdomoni mwake lakini aliyasema yote.

Mugambi alikuwa anafunga kipande kipya cha rafu. Akashuka kwenye kiti akamwambia, "Mama yako aliahidi atakaa mpaka Bibi aseme vingine. Bibi amesema." Kisha akamaliza kufunga ile rafu, ingawa tunajua haitatumika muda mrefu.

Sitakudanganya kwamba hainiumi. Wiki hii nimewakuta wote wawili kwenye kiraka cha jua karibu na dirisha, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, kama wazee wawili waliogombana lakini basi wanalopanda ni moja. Nimepigania hilo. Lakini sikumfundisha awe wangu. Nilimfundisha ili asiende kwa watu asiowajua, na wewe si mtu asiyemjua.

Kwa hiyo tumeanza somo jipya. Kikapu cha kusafiria, kile alichokichukia, kiko sebuleni wazi, na blanketi na samaki ndani. Mwanzoni alikizunguka kwa mbali. Sasa analala humo mchana. Wiki ijayo tutafunga mlango kidogo na kufungua, kisha tutambeba hadi lifti na kurudi. Safari hii hatatolewa kwake kwa nguvu. Akija kwako ataingia mwenyewe.

Valerie ndiye anayemfundisha. Hasemi nami sana, lakini anafundisha.

Mwanao,
Jemimah


Don Mills, Toronto
6 Julai 2025

Jemimah mwanangu,

Salaam kutoka mtaa wa pili! Najua tunaweza kuonana kila siku, lakini tukionana unaniambia jambo kwa kupiga kelele nami nasikia nusu. Kwa barua tunaelewana. Tarishi wetu ni Valerie.

Bizari amefika salama, kama ulivyosema aliingia kikapuni mwenyewe. Anakula. Anatumia sanduku. Analala miguuni pangu. Hana kosa hata moja, hata jirani yangu Naseem ambaye hapendi paka amemsifu. Mmenirudishia paka mwenye adabu kuliko niliyempa.

Lakini nataka kuongea kuhusu siku ile nilipokuja kwenu kumchukua.

Njia nzima kwenye gari la Sikander nilikuwa nasali, si kwa ajili ya paka, kwa ajili ya mbwa. Nilijiambia, Almina, utaingia, utakaa, hutapiga kelele. Nikashika fimbo yangu vizuri. Mugambi akafungua mlango. Kamanda akaja, akaniona, akaona fimbo. Unajua ulichokiona. Jibwa lile likageuka, likaingia chini ya meza, likajikojolea. Na mwili mzima unatetemeka.

Mugambi aliniambia taratibu karibu na sikio kwamba kabla ya makao ya wanyama kuna mtu alikuwa akimpiga, ila hawajui nani. Mimi nikakaa pale na Bizari mapajani, namtazama yule mbwa. Zaidi ya miaka sabini nimeogopa mbwa. Haikunijia hata siku moja kwamba mbwa naye anaweza kuniogopa mimi.

Sijaweza kulitoa moyoni. Na nimeona jambo jingine. Jioni, saa ambazo nyinyi mnamtoa Kamanda kutembea, Bizari anakwenda mlangoni, anakaa. Halii. Anakaa tu, kisha anarudi.

Basi nimeamua. Kila Jumamosi Valerie amlete Kamanda hapa kwangu. Nitakaa kwenye kiti, maana sakafuni nikishuka sitainuka. Fimbo nitailaza chini, mbali nami, na kipande cha kuku karibu yake. Sitamtazama. Sitamwita. Nitasoma gazeti kwa sauti. Nimeuliza uongozi, wamesema mbwa mgeni hana shida.

Naogopa, Jemimah. Nakuambia wewe tu. Lakini kama wewe uliweza kukaa koridoni tangu Oktoba, mimi naweza kukaa kwenye kiti changu.

Mama yako,
Almina


Flemingdon Park, Toronto
10 Julai 2025

Mama Almina mpendwa,

Hujambo Mama. Sisi wazima. Jibu ni fupi, ndiyo.

Mugambi anasema anza na fimbo iwe karibu na ukuta, na kuku awe mbali nayo kabisa, hata kama ni upande wa pili wa chumba. Usisogeze mpaka ale bila kutetemeka. Akirudi nyuma, nawe rudi nyuma. Itachukua muda, na siku nyingine utaona kama hakuna kilichosogea.

Valerie ameshafunga begi lake la Jumamosi. Ameweka na gazeti, eti kama huna.

Mwanao,
Jemimah


Don Mills, Toronto
30 Agosti 2025

Jemimah,

Salaam. Naandika upesi, Valerie amesimama mlangoni na kamba isiyo na mbwa.

Wiki mbili za kwanza hakupita zulia. Ya tatu alikula akiwa amenyoosha shingo kama twiga. Wiki iliyopita alikula kuku pembeni mwa fimbo na kuinusa ile fimbo yenyewe. Leo nimeiokota. Niliinuka nikaenda nayo jikoni, tok, tok, tok, nikarudi. Aliinua kichwa, akanitazama, nami nikamtazama, akakilaza tena. Kwenye mguu wangu, Jemimah. Huu huu ulioumwa Tanga.

Sasa amelala na anakoroma. Bizari ameegemea tumbo lake, amejikunja. Valerie amemwita mara mbili, nimemkataza ya tatu.

Kwa hiyo mbwa leo harudi kwenu. Mwambie Mugambi asipande gari kuja kumchukua. Chakula nimempikia, wali na kuku bila chumvi, na Naseem ameniazima bakuli kubwa. Kesho njooni wote watatu, lakini njooni baada ya chai. Kabla ya hapo sifungui mlango kwa mtu.

Mama yako,
Almina